Naomba ushauri: binti wa darasa la tatu na hesabu za mafumbo

Habari zenu ndugu wazazi na walimu. Niko Uyole, Mbeya. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya la kwanza na la pili alipita bila shida: anasoma gazeti vizuri, na jedwali la kuzidisha analiimba kama kaswida. Mwaka huu masomo yameongezeka na hesabu zimekuwa za mafumbo, hapo ndipo anakwama.

Juzi swali lilisema gunia moja lina debe 6 za viazi, je, magunia 4 yana debe ngapi? (Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, tuiache kwanza.) Akaandika 10. Nikimuuliza 6 mara 4, anajibu 24 papo hapo. Yaani akiona namba mbili anajumlisha tu.

Nimemwekea viazi vyenyewe kwenye mafungu jikoni, akapata yote. Akirudi kwenye daftari, yale yale. Mwalimu wake ni msikivu, ila darasa limejaa. Baba yake anataka tuisheni ya jioni. Mimi nasita, baridi hii mnaijua, na mtoto naye acheze.

Mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ndiyo maana sitaki kusubiri.

Mliofundisha la tatu, mnamvushaje mtoto kutoka viazi vya kushika hadi swali la kwenye karatasi? Na tuisheni itamsaidia kweli, au itamzidishia kukariri?

Natanguliza shukrani.