Naomba ushauri: mama ana kilo 90 na magoti yamesagika

Habari zenu wakuu. Mama yuko Chamwino, ana miaka 58. Lengo ni kutoa kilo 9 kwa miezi sita, maana kila kilo inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Ugali wa uwele sasa ni saizi ya ngumi, mlenda mwingi, karanga kidogo tu (humo ndimo mafuta hujificha). Maharage hatujapunguza: protini ikikosekana, misuli ya paja huisha na goti hulegea zaidi. Kitini ananyoosha mguu, anahesabu hadi tano, anashusha polepole, mara kumi kila upande. Kutembea ndiko kunamshinda, njia ni mchanga na kokoto. Afanye zoezi gani badala yake? Nisaidieni jamani, anaumia sana.