Rota ya oltaneta imeriwaindiwa na bado chaji inapotea nikikanyaga mafuta, nisaidieni

dere_wa_Rongai:
Wakuu habari za jioni. Niko na matatu ya abiria 14, dizeli, umeme wa volti 12. Oltaneta, ile mashine inachaji betri, ilikufa nikapeleka kwa fundi mmoja huko Grogan akasema rota, ile sehemu inazunguka, imekatika waya ndani, akairiwaindi, yaani akaizungushia waya mpya, akanirudishia. Sasa shida ni hii: nikiwa stejini injini inanguruma pole pole mita inasoma 14 na pointi kadhaa, sawa kabisa, lakini nikiingia Lang'ata Road nikikanyaga mafuta taa ya betri inawaka kwa dashibodi, nikipunguza inazima yenyewe kama hakuna kitu. Fundi akabadilisha reguleta ya kudhibiti chaji, hakuna kitu, akabadilisha brashi zinapeleka umeme kwa rota, hakuna kitu, saa hii ananiambia ninunue oltaneta ingine nzima. Kabla nitoe hiyo pesa nataka kujua kama kuna njia ya kufunga waya za rota zisitingishike ama hii ni bahati nasibu. Mwenye gari ashaanza kuniuliza maswali.

Kienyeji254:
Nunua mtumba ya Japani uachane na hizo stori za kuriwaindi boss.

mama_probox:
Na huo mtumba ukiwa na shida hiyohiyo atarudishiwa pesa na nani? Ngojeni wenye wanajua waongee.

waya_na_koili:
Dere, hiyo yako inajieleza yenyewe. Ikichaji chini na kukataa juu, kitu cha kwanza kushuku ni waya yenye imekatika lakini ncha bado zinagusana. Puli ya krenki, shafti kuu ya injini, ni kubwa mara mbili hadi tatu kuliko ya oltaneta, kwa hivyo injini ikizunguka 3,000 kwa dakika rota iko kwa 7,000 hivi ama zaidi, na nguvu ya kurusha vitu nje haipandi sawa na mwendo, mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Ncha zinaachana, chaji inakufa, ukipunguza zinarudi kugusana. Reguleta haina makosa hapo.

Toa rota, weka mita kwa ohm, pima kati ya zile ringi mbili za shaba. Rota ya volti 12 mara nyingi inasoma kati ya 2 na 4. Halafu pima ringi na shafti, hapo kusiwe na njia ya umeme kabisa. Sasa chukua kijiti cha meno usukume pole pole zile waya mbili zinatoka chini ya kucha za chuma zinazofunika koili kuenda kwa ringi, huku ukiangalia mita. Namba ikiruka umempata mwizi.

dere_wa_Rongai:
Sawa mkuu. Na nikimpata nafanya aje? Fundi wa kwanza aliunganisha na lehemu akapaka supagluu juu.

waya_na_koili:
Supagluu haivumilii joto la hapo, na ile epoksi ya kushika kwa dakika tano pia hulainika. Lehemu ya kawaida, ile ya 60/40, inayeyuka kwa nyuzi 183 na huko nyuma kwa ringi kuna msuguano wa brashi na joto la injini, kwa hivyo tafuta ya joto la juu.

Lakini usikimbilie gundi kabla uangalie bobini, kile kiplastiki koili imezungushwa juu yake. Shika koili na vidole kupitia katikati ya kucha, jaribu kuizungusha. Ikicheza hata kidogo, hapo ndio chanzo. Kila ukiongeza mafuta rota inaruka mbele na koili inabaki nyuma kidogo, ukiachilia inarudi, na mwenye anavutwa huku na huku ni ile waya nyembamba inaenda kwa ringi. Kampuni hutengeneza bobini na masikio yanaingia katikati ya kucha isizunguke, na zile nusu mbili za chuma zinaibana kwa presi. Fundi wa nyundo akizigonga kurudisha anaacha nafasi, ama ashavunja masikio na hakuambii.

Kienyeji254:
Si ujaze silikoni tu hapo kwa hiyo nafasi, mimi nilifanya na inatembea

jua_kali_ngara:
Ile inanuka siki? Hiyo inakula shaba, fungua yako uangalie kama haijakuwa kijani.

Dere, ncha yenyewe pia ikague. Ikiwa imekatika bapa, inang'aa kama imekatwa na wembe, huo ni uchovu wa kutingishwa. Ikiwa na kitone cha mviringo imeyeyuka kwa moto, hiyo ni shida tofauti, pengine koili imegusana ndani. Rota ikisoma ohm 1.5 inavuta ampea kama 8 na ile ya ohm 3 inavuta 4, na hizo zote zinapita kwa reguleta, sasa hesabu itadumu siku ngapi.

Venye mimi hufunga: bobini ikicheza nabana nafasi na pete ya kitambaa cha glasi kabla ya kurudisha kucha kwa presi. Waya ya kutoka naivalisha soksi ya glasi, nailaza kwa mfereji wa shafti, naifunga na uzi wa glasi kwa bobini kabla haijaacha koili, na naacha kalegevu kadogo kasivutike. Halafu napasha rota moto, naizungusha pole pole huku natonesha vanishi iingie ndani ya koili yote, maana ukiiacha imelala vanishi inakusanyika upande mmoja na rota inapoteza balansi, hapo utaua beringi. Inaenda kwa oveni kulingana na mkebe wa vanishi unavyosema. Fundi hana oveni? Uliza ataokaje, usikubali jua la Ngara.

mama_probox:
Na akishamaliza mtu asimpimie kwa kutoa terminali ya betri injini ikiwaka, hiyo tabia imeua dayodi nyingi za oltaneta hii Nairobi.

dere_wa_Rongai:
Nimerudi. Tumefungua na fundi mwingine. Bobini inacheza, masikio mawili hayako, na waya moja imekatika bapa hapo inatoka chini ya kucha, ilikuwa imeshikwa na supagluu peke yake. Ohm ilikuwa inaruka kutoka 3 hadi hakuna. Huyu anasema koili yenyewe ni nzima, hataki kuriwaindi, anataka kubana na kufunga tu, pesa pungufu ya nusu ya ile nililipa mara ya kwanza. Oveni anayo, nimeiona.

waya_na_koili:
Huyo mpatie kazi. Mwambie akishaoka apime tena ringi na shafti kabla ya kufunga, na kabla mulipane mwende barabarani, mita ikiwa kwa betri, mukanyage mafuta hadi pale ilikuwa inakataa. Kusimama gereji injini ikinguruma hakuoneshi kitu.

Kienyeji254:
Nimefungua yangu. Ni kijani.