Naomba ushauri: nataka kumtengenezea mama jiko la mbege nyumbani, nianze na vifaa gani?

Binti wa Marangu

Wanajamvi, salaam. Naombeni mnishauri kabla laki saba yangu haijaenda na maji.

Mama anapika mbege, pombe yetu ya Kichaga ya ndizi na ulezi, tangu sijazaliwa. Si ya kuuza. Ni ya kipaimara, ya matanga, na ya Desemba ndugu wakipanda mlimani kutoka Dar na Arusha. Sasa ana miaka 74 na mgongo unamsumbua. Ndizi anachemshia kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga matatu, zikishaiva anachota kwa kata na kubeba ndoo hadi stoo lilipo pipa lake la mbao. Mwaka jana alijimwagia mguuni. Tangu hapo nikisikia anapika sina amani.

Pasaka nilijaribu kumsaidia. Nikanunua pipa la bluu la lita 100, nikaliosha kwa sabuni, nikalisuuza kwa ile klorini ya kufulia nguo nyeupe, nyalu tukaiweka humo. Siku ya tatu hakuna povu. Siku ya sita ikawa imechachuka kiasi, lakini tulipochanganya na uji wa mso na kuonja, ilinuka kama wodini. Baba mkubwa aliishika mdomoni, akatoka nje kuitema. Lita themanini zote tulizimwaga kwenye migomba. Mama hakunilaumu. Alikwenda tu stoo akaanza kuliosha pipa lake la mbao.

(Kwa wasiojua: nyalu ni ndizi zilizoiva zikachemshwa na kuachwa zichachuke, mso ni kimea cha ulezi.)

Nauliza: pipa gani, jiko gani, na nifanyeje asibebe tena? Kuna jirani kanishauri ninunue hamira ya dukani. Na je, naweza kuifunga kwenye madumu niwapelekee ndugu Dar?

Fundi Kibosho

Pole sana dada. Ulipolinunua lile pipa uliuliza lilibeba nini kabla? Hilo ndilo swali la kwanza. Pipa lililobeba sabuni au dawa ya shambani haliponi hata ulioshe mwezi mzima, maana plastiki inanyonya harufu na sumu. Tafuta lililobeba juisi nzito au mafuta ya kula, au jipya lenye alama ya glasi na uma. Lifungue, ingiza kichwa, nusa. Ukisita, liache.

Pipa la bati usilitazame kabisa. Mbege ina uchachu, na uchachu unakula ile zinki ya bati, watu wanatapika. Sufuria ya aluminiamu kuchemshia ndizi haina neno, ila usiilaze nyalu humo siku tano.

Kuhusu kubeba, jenga jiko la matofali lenye bomba la moshi, usawa wa goti la mama. Pembeni, chini ya usawa huo, weka pipa. Sufuria nitoboe ubavuni nichomelee bomba pana la inchi mbili lenye koki. Ndizi zikishapoa hadi vuguvugu anafungua, zinateremka zenyewe. Zisipite za moto kwenye bomba la plastiki la maji. Kuni nazo utatumia chache kuliko kwenye mafiga.

Koki lazima iwe ya kufunguka yote. Niliwahi kufungua ya mteja iliyokaa miezi miwili, ndani ilikuwa na utando mweupe unaoteleza kama kamasi. Kila akipika alikuwa anaipitisha mbege mpya humo.

Mama Aika

Mwanangu, mimi ni wa umri wa mama yako, nimepika tangu nimeolewa. Nisikilize. Usilitupe pipa la mbao. Unafikiri kwa nini lako la bluu lilikaa siku tatu bila povu? Chachu ya mama yako imo ndani ya ule mbao. Analiosha kwa maji ya moto na majani, lakini hawezi kuimaliza, wala hataki. Wewe ulipeleka nyalu kwenye chombo kisicho na kitu, halafu ukakimwagia dawa ya kuua kila kinachoishi.

Ukitaka pipa jipya, chota lita mbili za nyalu inayotokota vizuri kutoka kwa mama au jirani, mimina humo kwanza, ndipo ujaze. Hamira ya mkate itaumua, ndiyo, lakini hutapata mbege ya kwenu.

Na mso, mnanunua au mnaotesha? Sisi tunaloweka ulezi usiku mmoja, tunauchuja, tunaufunika kwa majani ya mgomba siku mbili tatu na kuunyunyizia maji, mpaka vimizizi vishikane. Unauanika juani juu ya mkeka, si chini kwenye udongo. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, usioneane haya na ulezi, tupa wote. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo.

Msesewa, lile gamba chungu la mti, tia kipande tu. Ule uchungu ni dawa kali, usiuzidishe eti ili mbege iwe na nguvu.

Binti wa Marangu

Shikamoo Mama Aika. Nimesoma mara mbili, nikampigia mama nikamsomea. Alinyamaza kidogo, akasema, "Huyo anajua." Mso tunaotesha wenyewe, lakini huwa anauanika kwenye turubai lililokaa chini uani. Nitamtengenezea kichanja.

Mama Aika

Marahaba mwanangu. Msalimie sana.

Mpika wa Leipzig

Nami ni mtoto wa Rombo, nipo Ujerumani. Napika bia ya shayiri jikoni kwangu, lita 20 kwa mara moja. Hapa mtu anaruhusiwa lita 500 kwa mwaka bila kodi mradi asiuze. Nina mawili.

Ile harufu ya wodini, hata kama pipa lako lilikuwa zima, klorini peke yake inatosha kuileta. Ikikutana na vitu vilivyomo kwenye magamba ya miti na nafaka, inazaa harufu ya dawa ambayo ulimi unaihisi hata ikiwa chembe. Vyombo vya mbege osha kwa maji ya moto na brashi, vikauke juani. Na maji ya bomba yenye klorini, yachemshe yapoe kabla hujachanganyia.

La pili ni kipimajoto. Katika vyote vya kununua, hiki ningekitanguliza. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na vinafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 70. Uji ukitokota vimekufa. Koroga unga wa mso kwenye maji ya vuguvugu, pandisha moto taratibu, ukifika 65 ondoa kuni, funika kwa blanketi saa nzima. Uji uliokuwa mzito utalegea wenyewe kwenye mwiko, na utakuwa mtamu kama togwa. Hapo ndipo uuchemshe. Mimi nafanya hivyo hivyo kwa shayiri, na hopsi, yale maua machungu ya bia, kwangu ndiyo msesewa.

Haidromita, kile kipimo cha sukari kwenye pombe, usinunue kwa sasa, nyalu ina nyuzi nyingi za ndizi, haitakupa kipimo cha kuaminika.

Mama Aika

Hiyo 65 sisi tuliijua bila kipimo. Uji ukianza kutoa mvuke na mwiko ukawa mzito, unatoa kuni. Lakini kwa binti anayejifunza, kipimo ni kizuri.

Mzee wa Kilema

Madumu ya Dar, hapana. Mbege bado inachachuka njiani. Ukifunga kifuniko dumu linavimba, linapasuka ndani ya basi. Waje wainywee nyumbani. Na siku mkianza kuuza hata kikombe kimoja, nenda kwanza kwa mtendaji wa kata na afisa biashara wa halmashauri, pombe ya kienyeji inauzwa kwa kibali.

Binti wa Marangu

Wapendwa, narudi na mrejesho. Jiko limejengwa, sufuria imechomelewa bomba, kichanja kipo, kipimajoto kipo, na laki moja na ishirini imebaki. Pipa la mbao halikuguswa. Jipya, lililobeba juisi, nililitilia lita mbili za nyalu ya mama. Kesho yake asubuhi nilipofunua, povu lilikuwa limepanda kiganja kizima, na ukitega sikio unasikia linavyochemka.

Jumapili mama alikaa kwenye kigoda akafungua koki kwa mkono mmoja, mwingine ameshika fimbo. Baba mkubwa aliishika mdomoni kama ile siku, akameza, akanyoosha kata.

Tatizo moja limebaki: nyuzi za ndizi zinaziba bomba, mara mbili ilibidi nizibue kwa kijiti.

Fundi Kibosho

Usitumie kijiti, kitakwaruza ndani na uchafu utakaa humo. Nitakuja Jumamosi niweke wavu mpana wa chuma kisichoshika kutu mbele ya tundu, wa kutoa na kuosha. Hela ya nauli tu.