Mjadala: Jarida la kitaaluma likae kwenye seva ya chuo, au likodi seva nje?

Mleta mada

Wakuu, kuna jambo linaloamuliwa haraka mno kwenye vikao vya bodi za wahariri, na madhara yake huonekana baadaye sana: jarida linalochapishwa mtandaoni, tovuti yake ikae wapi? Jibu la kawaida ni kwamba chuo kina seva, basi tuombe nafasi tuanze kazi. Mimi napinga. Nasema jarida likodi seva nje ya chuo na liwe na kikoa chake lenyewe, yaani jina lake la tovuti.

Sianzi na kasi wala bei. Makala kumi za PDF ni mzigo mdogo, hakuna seva ya kulipia itakayolemewa nazo. Naanza na wanaotunukuu. Mtu akishataja makala yetu kwenye tasnifu yake, ametuamini kwamba msomaji wake ataikuta. Mwaka 2021 Mikael Laakso, Lisa Matthias na Najko Jahn walichapisha utafiti kuhusu majarida ya ufikiaji huria (yanayosomwa bure na yeyote) yaliyotoweka mtandaoni. Walipata 174 yaliyopotea kati ya mwaka 2000 na 2019, ya fani zote kuu na ya kila kanda ya dunia. Waandishi wa majarida hayo walifanya kazi kama sisi, wakapitiwa kama sisi, na leo aliyewanukuu hana pa kumwelekeza msomaji.

Sasa tazameni anwani ya jarida linalokaa chuoni: jina la chuo, kitivo, idara, ndipo jina la jarida. Chuo kikiungana na kingine, au idara ya TEHAMA ikiamua kupanga upya tovuti nzima, viungo vyote vinakufa kwa siku moja. Wahariri hawaulizwi. Wanajua pale mwandishi anapolalamika kwamba makala yake haifunguki.

La pili ni siri ya upitiaji, yaani wataalamu kukagua mswada kabla haujachapishwa, na hili sijaona likijadiliwa vya kutosha. Programu huria ya OJS, ya kuendeshea majarida mtandaoni, iliyotengenezwa na Public Knowledge Project (PKP), mwaka 2020 ilikuwa ikitumiwa na majarida zaidi ya 25,000. Inaweka kwenye hifadhidata moja majina ya waandishi, majina ya wapitiaji na kila neno waliloandika. Tunawaahidi wapitiaji kwamba hawatajulikana, lakini aliyeshika funguo za seva anaweza kufungua na kusoma. Mswada ukiwa wa mhadhiri wa chuo kile kile, na aliyeukataa akiwa mwenzake wa korido moja, usalama wa mpitiaji unategemea uungwana wa mtu ambaye hana mkataba wowote na jarida. Kampuni ya mbali nayo inaweza kusoma, ni kweli, lakini haimjui yeyote kati yao wala haina la kupata.

Karibuni mnipinge.

Mhariri wa jarida la lugha

Nakupinga hapo kwenye "lenyewe". Jarida haliwezi kusaini mkataba. Anayesaini ni mhariri mkuu, kwa kadi yake ya benki na barua pepe yake binafsi. Siku akistaafu, akiugua au akikosana na bodi, ankara inaendelea kwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kampuni itatuma maonyo, itafunga akaunti, kisha itafuta kila kitu, na itakuwa imefuata mkataba sawasawa.

Chuo kina urasimu unaochosha, nakubali. Lakini chuo hakistaafu. Na huyo msimamizi wa seva unayemwogopa, chuoni kuna kanuni za utumishi za kumshtaki kwazo. Kwa kampuni iliyo bara jingine utamshtaki nani?

Mkutubi

Nianze na kikoa, maana nyote wawili mmekipitia juu juu. Kwangu kikoa kina uzito kuliko seva. Seva unaweza kuihama kwa wiki moja. Kikoa kikikutoka, umepoteza jina lako.

Kikoa cha .org au .com kisipolipiwa, msajili kwa kawaida hukupa muda mfupi wa kulipa. Baada ya hapo kinaingia siku 30 za ukombozi, ambapo utatozwa zaidi ili kukirudisha. Zikipita, kinafutwa na yeyote anaweza kukichukua. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa John Bohannon kuhusu matapeli wanaovizia vikoa vya majarida vilivyoachwa. Wanakinunua, wanajenga tovuti inayofanana na ya kwenu, wanatumia jina lenu na ISSN yenu (namba ya utambulisho wa jarida), kisha wanaanza kutoza waandishi ada. Tatizo limekua hadi Retraction Watch, tovuti inayofuatilia makala zilizofutwa na majarida, wakaanzisha mwaka 2022 orodha ya wazi ya majarida yaliyotekwa kwa namna hiyo. Mwandishi aliyelipa hela akagundua makala yake ipo kwenye jarida bandia hatamsaka tapeli; atawaandikia ninyi.

Kwa hiyo, popote seva itakapokuwa, kikoa kisajiliwe kwa jina la taasisi: chama cha wanataaluma, maktaba au chuo. Barua pepe ya usajili iwe ya ofisi, inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja. Vikoa vingi vya aina hiyo vinaruhusu kulipia hadi miaka 10 mbele, basi lipeni kadiri mnavyoweza. Na msikisajili kwa kampuni ile ile inayowahifadhia tovuti. Mkigombana nayo kuhusu bili, itakuwa imeshika vyote viwili.

Mali bila daftari huisha bila habari. Majarida mengi hayana hata ukurasa mmoja unaosema kikoa kimesajiliwa wapi, kinaisha lini na nani ana nywila.

Neno kuhusu DOI, ile namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, kwa sababu nasikia mara nyingi "sisi tuna DOI, viungo vyetu havifi". DOI inampeleka msomaji kwenye anwani mliyoiandikisha, basi. Mkihama bila kuwasilisha anwani mpya Crossref, shirika linalosajili DOI, inampeleka pasipo na kitu. Mwaka 2024 Martin Eve alichapisha uchambuzi wa DOI zaidi ya milioni 7, na karibu asilimia 28 ya kazi hizo hazikuonekana kuhifadhiwa kwenye hifadhi yoyote kubwa ya kumbukumbu aliyoweza kuikagua.

Msimamizi wa seva

Naunga mkono hoja ya mkutubi. Ila mleta mada na mhariri mnabishana kuhusu mahali, na ninachokutana nacho kazini kinanifanya niulize swali jingine: nani atasasisha programu?

OJS imeandikwa kwa PHP, lugha ya programu za tovuti, na PHP ina umri. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. OJS 3.4 inadai PHP 8.0 kwenda juu, wakati OJS za mfululizo wa 2 haziwezi kutembea kwenye PHP 8 kabisa. Kampuni ikipandisha PHP usiku, jarida la programu ya zamani linaamka na ukurasa mweupe. Chuo kisipopandisha, jarida linabaki na matundu yanayojulikana na kila mdukuzi. Sehemu zote mbili nimekuta majarida ambayo msomaji akiyatafuta anakutana na matangazo ya kamari. Mara nyingi chanzo ni kile kile: programu haijaguswa kwa miaka, au folda ya mafaili ya miswada imewekwa ndani ya sehemu ya wazi ya tovuti. Maelekezo ya OJS yanasema waziwazi folda hiyo ikae nje yake. Kwenye vifurushi vya bei ya chini vyenye kitufe cha kusimika programu kwa mbofyo mmoja, hakikisheni kabla mswada wa kwanza haujaingia.

Ndiyo maana sipendi kusikia bodi ikijivunia kukodi seva yake nzima pepe wakati haina mtu wa kuitunza. Seva ya namna hiyo ni yako kuanzia mfumo endeshi hadi juu. Kampuni inakupa mashine tu. Isiyo na mlezi ni hatari kuliko nafasi ya kuchangia na wateja wengine ambayo kampuni inaisasisha. Kama hamna fundi, lipieni huduma ya kampuni inayosimamia OJS yenyewe. PKP wenyewe wanatoa huduma hiyo, na wapo wengine.

Kisha barua pepe. Mhariri analalamika wapitiaji hawajibu, kumbe mialiko inaangukia kwenye barua taka. Tangu Februari 2024 Gmail inadai kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, unaoonyesha kwamba barua imetoka kwake kweli. Kwenye seva ya kuchangia, jirani yako akituma takataka, anwani ya seva inaingia orodha nyeusi na wewe unaadhibiwa naye. Ulizeni hili kabla ya kuuliza ukubwa wa diski.

Na nakala rudufu. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliokuwa na nakala rudufu na bado wakapoteza kila kitu, kwa sababu nakala zilikuwa eneo lile lile. Nakala ikae kwa mtoa huduma mwingine, na irejeshwe kwa majaribio kwenye mashine tupu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa siihesabu.

Mleta mada

Hoja ya mhariri kuhusu kadi ya mtu binafsi ni nzito, na mkutubi ametoa dawa yake: mkataba na kikoa vishikwe na chama au maktaba. Hapo hatutofautiani. Kinachonitenga na mhariri ni imani kwamba chuo kudumu ni sawa na jarida kudumu. Chuo kinadumu, lakini ukurasa wa jarida ndani ya chuo unadumu kwa hisani ya mkuu wa idara aliyepo. Akija mwingine mwenye mipango yake, huna karatasi ya kumwonyesha. Kampuni angalau ina mkataba, na mkataba unaweza kudai mambo mahususi. Mimi ningedai moja kabla ya yote: siku tukiondoka, tupewe hifadhidata nzima pamoja na folda yote ya mafaili. PDF peke yake haitoshi, kwa kuwa historia ya upitiaji na taarifa za kila makala vinabaki nyuma.

Mhariri wa jarida la lugha

Basi chuo nacho kisaini karatasi. Makubaliano kati ya jarida na maktaba yanawezekana: kikoa cha jarida kinaelekezwa kwenye seva ya chuo, na chuo kinaahidi kutoa nakala kamili jarida likiomba. Hapo hoja yako ya anwani imekwisha, na hatujalipa kampuni.

Mleta mada

Ya anwani imekwisha, nakiri. Ya wapitiaji bado ipo.

Mtafiti anayeanzisha jarida

Samahani wakubwa zangu, sisi ni watu wanne, matoleo mawili kwa mwaka, hatutozi waandishi na hatuna ruzuku. Hizi seva, hifadhi za kumbukumbu na mikataba, tunaanzia wapi?

Mkutubi

Mwanangu, anza na vitu ambavyo havina ada. PKP Preservation Network, hifadhi ya kumbukumbu ya majarida, ilianza mwaka 2016 na ni bure kwa jarida la OJS lenye ISSN na walau makala moja iliyochapishwa. Inatumia teknolojia ya LOCKSS iliyoanzia Stanford, inayotunza nakala katika sehemu nyingi kwa pamoja. Unawasha programu-jalizi na kukubali masharti. Majarida mengi yanayostahili hayajafanya hivyo, na inaniuma kila nikikuta moja. Cheti cha usalama cha tovuti nacho ni bure kupitia Let's Encrypt. Kampuni ikiwauzia kama kitu cha ziada, ulizeni kwa nini.

Seva msikodi peke yenu. OJS moja inaweza kubeba majarida mengi, kila moja na bodi yake na mwonekano wake. Tafuteni majarida mengine madogo ya fani jirani, mchange, mlipie huduma moja nzuri yenye fundi. Brazil walianzisha SciELO, mfumo wa pamoja wa majarida mtandaoni, mwaka 1997 kwa wazo la namna hiyo kwa kiwango cha taifa, na mtindo huo umeenea nchi nyingi.

Msimamizi wa seva

Naongeza moja kwa huyu kijana. Uliza kampuni inafanya nini na boti, yaani programu zinazotembelea tovuti zenyewe. Mwaka 2025 COAR, shirikisho la kimataifa la hazina za kitaaluma, liliuliza wasimamizi wa hazina hizo, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema wanasumbuliwa na boti kali, nyingi zikihusishwa na kukusanya data za akili mnemba. Boti hizo zinaweza kuangusha seva ndogo hata kama wasomaji wako ni wachache. Lakini usikubali kampuni izuie boti zote kwa pamoja. Google Scholar nayo inakufikia kwa boti, na ukiizuia makala zako hazitaonekana humo. Pia PDF zisizidi megabaiti 5, ndiyo mipaka yao. Kurasa zilizoskaniwa ndizo huvuka.

Mhariri wa jarida la lugha

Na sisi ambao tumeshakaa miaka mingi kwenye anwani ya chuo? Nikikubali kuchukua kikoa chetu leo, viungo vya zamani vitakwenda wapi?

Msimamizi wa seva

Chuo kiweke uelekezaji wa kudumu, ukurasa kwa ukurasa. Kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mbele hakumsaidii aliyekuja kutafuta makala. Siku hiyo hiyo wasilisheni anwani mpya Crossref, DOAJ (orodha ya majarida ya ufikiaji huria) kama mmo, na kituo chenu cha ISSN. Namba ya ISSN haibadiliki kwa kuhama anwani. Msihame katikati ya duru ya upitiaji.

Mhariri wa jarida la lugha

Chuo kikikataa kuweka uelekezaji?

Mkutubi

Basi kabla ya kuhama, zipeni DOI makala zote za nyuma ambazo hazina, hata zile za toleo la kwanza, na muiandike kwenye ukurasa wa kila makala wakati tovuti ya zamani bado inafunguka. Pelekeni pia kurasa hizo Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, moja moja kama itabidi. Atakayefuata kiungo cha zamani na kukuta kimekufa, akikibandika pale ataona ukurasa wenye DOI, na DOI itamleta mlipohamia.