Naombeni ushauri, ngozi ya banjo yangu ya kibuyu inalegea

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wanaojua kuwamba ngoma au waliowahi kutengeneza banjo (ala ya nyuzi kama gitaa) za kizamani. Niko Marekani, North Carolina, na nimeipenda mno hii banjo ya mwanzo, ile waliyotengeneza Waafrika waliokuwa watumwa huku na visiwa vya Karibi, kibuyu, ngozi ya mbuzi, mkono wa mti usio na freti (vile vichuma vya kugawa noti), nyuzi tatu ndefu na moja fupi ya kidole gumba. Nilipoiona akonting, ala ya nyuzi ya Wajola wa Senegal na Gambia, nikasema hizi ala mbili ni ndugu kabisa.

Sasa shida. Nilipotengeneza yangu niliiloweka ngozi usiku kucha nikaiwamba kwa misumari midogo, ilipokauka ikalia vizuri, sauti nzito ya chini hadi mwili ukanisisimka. Ila mvua ikinyesha tu inalegea, kidaraja (kile kijiti kinachoinua nyuzi juu ya ngozi) kinazama, nyuzi zinagusa mkono zinakwaruza. Na pembeni ya msumari mmoja kibuyu kimepata ufa wa kama sentimita 3, huo ndo unaninyima usingizi.

Nishaikausha karibu na hita ikakaza, kesho yake ikalegea tena. Je niivue niiwambe upya kwa kuvuta zaidi au nitafute ngozi nyembamba? Na ufa, gundi ya mbao itashika kweli au niachane na misumari nifunge kwa kamba? Kuna wenzangu tunakutana kila mwezi kupiga pamoja, natamani sana niende na hii, nisaidieni tafadhali.