Mshale kichwani, naye asema ni upepo!

Mwana wa Langoni:
Salaam wenzangu. Kwetu Lamu, hapa Langoni, tuna chumba cha gemu ambapo vijana hukusanyika baada ya isha. Binamu yangu anacheza gemu ya Skyrim. Kamtia mshale mlinzi wa pangoni, jamaa kachomoa upanga, kazungukazunguka, kisha karudi zamuni akisema labda ni upepo. Mshale bado umemsimama kichwani! Tukapandisha kiwango cha ugumu wa gemu: sasa sisi tunaumia zaidi na yeye anaumia kidogo, lakini akili ni ile ile. Punda wa Mkomani ukimchapa leo, kesho akikuona anabadili njia. Hawa maadui mbona hawana hata kumbukumbu hiyo?

Fundi Simu:
Ndugu yangu, yule haoni kama uonavyo wewe. Programu inachora mstari kutoka machoni pake hadi kwako. Ukuta ukiukata, wewe umeshatoweka. Halafu ana hali chache tu: zamu, shaka, kusaka, kupigana. Akianza kusaka, saa inahesabu. Ikiisha, arudi zamuni, mshale au hakuna mshale. Mtengenezaji anaijua kasoro hiyo. Adui asingesahau, gemu ya kunyemelea ingekufa ukikosea hatua moja, na huyo binamu angekurushia pedi ya kuchezea.

Bi Shela:
Kusahau sawa, Fundi, lakini maiti ya mwenzake iko miguuni pake! Hapo mimi sikubali. Mbona Metal Gear Solid V ya 2015 waliweza? Ukizoea kuwapiga wanajeshi risasi za kichwa, baadaye wanakuja na helmeti. Ukiwavamia usiku sana, wanajitayarisha kwa usiku. Ndani ya pambano ni wajinga vilevile, ila jeshi zima linajifunza tabia yako. Nilipoanza kukuta helmeti kila kambi nilikasirika kwelikweli, na hiyo ndiyo raha niitakayo. Kumwongezea adui damu, yaani asife upesi, ni uvivu tu.

Mkaazi wa Malindi:
Nyinyi mwataka werevu, mie nataka wagombane. Doom ya 1993: simama katikati ya mashetani wawili wa aina tofauti, mmoja akurushie moto, wewe kwepa, umpate mwenzake. Watauana wenyewe. Msiniondolee udhaifu huo tafadhali.

Mwana wa Langoni:
Hahaa, Malindi hamna haya! Dada Shela, hiyo laptopu yetu haitaiweza, ni kuukuu. Kuna ya zamani yenye adui wa maana?

Fundi Simu:
F.E.A.R. ya 2005. Jeff Orkin, aliyeandika akili ya maadui wake, alimpa kila askari malengo, na askari mwenyewe hupanga hatua za kuyafikia. Kificho kikiwa hakimfai tena, ahamia kingine, nawe waona kama wamekuzunguka kwa mpango. Tena wanapiga kelele wakiambizana wanachofanya, basi mtu unaamini kikosi kizima kimekaa kikao juu yako. Nusu ya akili yao ni domo. Mashine kuukuu inaiweza, punguza vivuli vya picha tu kwenye mipangilio.

Bi Shela:
Domo au si domo, wale walinitoa jasho. Mwambie binamu asijifiche pahala pamoja. Wanakuja na guruneti.