Kivumishi cha Kiingereza "prone": maana na matumizi yake

Swali
Nahariri tafsiri ya mwongozo wa afya. Ukurasa mmoja unasema kwamba wagonjwa wa kisukari ni "prone to infection", na kurasa chache mbele mgonjwa anatakiwa alazwe "prone". Mfasiri ameandika "mwenye mwelekeo" kotekote, na mahali pa pili maana imepotea kabisa. Je, hili ni neno moja? Nalo linatofautianaje na "inclined" na "liable"?

Jibu la kwanza
Ni neno moja, lililotokana na neno la Kilatini "pronus", yaani kilichoinamia mbele. Aliyelala kifudifudi ni "prone", aliyelala chali ni "supine". Na kwa sitiari, mtu anayeangukia jambo fulani kwa urahisi huelezwa vivyo hivyo. Mahali pa pili andika "alazwe kifudifudi", kama walivyolazwa wagonjwa wengi wa UVIKO-19 waliozidiwa mwaka 2020. Mahali pa kwanza ningeacha kivumishi na kutumia kitenzi: "hupata maambukizi kwa urahisi".

Jibu la pili
Naongeza kwamba "prone" huambatana na mabaya: hasira, makosa, ajali, maradhi. Hapa ndipo "mwepesi" wetu anapotuponza, kwa kuwa mwepesi wa hasira anafaa kuitwa "prone to anger", lakini mwepesi wa kuelewa hawezi kamwe kuwa "prone to understanding". Baada ya "to" huja nomino au kitenzi, na "prone to exaggerate" na "prone to exaggerating" zote zinakubalika, ingawa mimi hupendelea nomino.

Jibu la tatu
"Inclined" mara nyingi hugusa nia au maoni. Anayesema "I am inclined to agree" anaelekea kukubali, ila amejiachia nafasi ya kubadili kauli. "Liable" ndiyo yenye mtego, kwa sababu katika sheria "liable to a fine" haisemi lolote kuhusu tabia ya mtu, bali kwamba anaweza kutozwa faini. Kuandika kwamba "ana mwelekeo wa kutozwa faini" ni kichekesho.

Muulizaji
Nashukuru. Je, "flood-prone areas" niandike "maeneo yanayofurika mara kwa mara"?

Jibu la kwanza
Ndiyo, ikiwa mwongozo unazungumzia maeneo ambayo hufurika kweli. Ikiwa unakadiria hatari tu, "maeneo yanayoweza kukumbwa na mafuriko" ni salama zaidi.